Mkoko Uliopima Vyumba vya Pwani

Pima vyumba vya nyumba za kale za mawe huko Lamu, Pate, Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja, na jambo moja litajirudia hadi ulizoee. Urefu wa chumba hubadilika kwa kadiri ya uwezo wa mwenye nyumba: mita 5, mita 8, hata zaidi. Upana haubadiliki sana. Kutoka ukuta mmoja hadi wa pili ni mita 2 na nusu, pengine 3, na ni nadra kupita hapo. Tajiri wa Lamu wa karne ya 18, mwenye majahazi baharini na vyombo vya kauri vya China katika zidaka zake, alilala katika chumba chembamba sawa na cha jirani yake asiyemfikia kwa mali. Wanahistoria wa pwani wamekwisha kutaja sababu ya karibu: dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Wengi huishia hapo. Mimi naona hapo ndipo swali linapoanza. Kwa nini mkoko na si mti mwingine? Kwa nini urefu ule na si mara mbili yake? Na kwa nini biashara iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja ilikuja kuzuiwa kwa amri za serikali? Nashikilia kwamba majibu yako ndani ya mti wenyewe, katika namna seli zake zinavyojipanga na kukua, na kwamba asiyezisoma tishu za mkoko hawezi kuielewa sawasawa historia ya nyumba ya Mswahili.

Tuanze na mzigo wenyewe. Fundi aliyejenga dari la nyumba ya mawe alilaza boriti kutoka ukuta hadi ukuta, zikikaribiana, akapanga juu yake vipande bapa vya matumbawe, kisha akamwaga kokoto za mawe na chokaa. Zege hilo lilitwangwa kwa vigongo siku kadhaa hadi likashikana. Mara nyingi unene wake ulizidi sentimita 30, na unene huo haukuwa wa bure, maana ndio uliozuia joto la adhuhuri lisishuke chumbani na mvua ya masika isipenye. Lakini ulikuwa mzito. Kwa makadirio, kila mita moja ya mraba ilibeba karibu nusu tani, kwa hiyo dari la chumba cha mita 2 na nusu kwa mita 8 lilikuwa na tani kama 10. Boriti zikiwa za unene ule ule na mzigo wa kila mita haukubadilika, ukiongeza umbali kati ya kuta mara 2, boriti hupinda mara 16. Mafundi hawakuhitaji kuiandika kanuni hiyo, kwani waliiona kwa macho kila dari lilipoanza kulegea katikati na chokaa kupasuka.

Mzigo huo nao ulitokana na kiumbe hai, na hili husahaulika kwa kuwa sote tunaliita jiwe. Tumbawe ni kazi ya wanyama wadogo laini wanaoishi kwa jamii, kila mmoja akijijengea kikombe cha chokaa chini ya mwili wake, na kila kizazi kikiinuka juu ya makazi ya kilichotangulia. Nyama hai ni utando mwembamba tu juu ya uso. Kilichobaki chote ni mifupa yao. Aina iliyopendwa zaidi kwa kazi ya nakshi ni ile ambayo wataalamu huiita Porites, yenye vitundu vidogo vidogo vilivyosambaa sawasawa. Ikikatwa baharini ikiwa mbichi huchongeka kwa urahisi, na ikikauka hewani hushupaa. Ndiyo maana mihrabu na vizingiti vya milango vya kale vina kingo kali hadi leo. Uchimbaji ulioongozwa na Mark Horton katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, ulionyesha jinsi mji ulivyoanza kwa majengo ya udongo na miti, kisha ukaingia katika ujenzi wa Porites mnamo karne ya 10. Kuanzia hapo nyumba ya pwani ikawa mkutano wa tishu mbili: mifupa ya mnyama wa baharini juu, nyuzi za mti wa ufukweni chini, na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yale yale ikiunganisha vyote.

Sasa uingie ndani ya boriti. Chukua kipande cha mkoko, ule ambao wanabotania huuita Rhizophora mucronata, ukikate mkingamo, ukisugue kwa msasa laini hadi king'ae, kisha ukitazame kwa lenzi. Utaona uwanja wa rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, umetobolewa vitundu vingi vyembamba. Hivyo ni vifereji vya zailemu vinavyopandisha maji kutoka mizizini. Kati ya kitundu na kitundu ni nyuzi: seli ndefu zilizokufa, kuta zake nene kiasi kwamba uwazi wa katikati umebaki mdogo sana. Huo ndio uthabiti wa boriti. Mbao ya mti laini ina seli pana zenye kuta nyembamba, kwa hiyo sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa. Mkoko umejaza nafasi hiyo kwa kuta. Gogo lake bichi huzama majini, na wakataji hawawezi kulifunga kama chelezo na kuliacha lielee hadi mdomoni mwa mto.

Kwa nini mti unaosimama kwenye matope ya mkondo ujitengenezee mwili mzito namna hiyo? Chanzo ni chumvi. Maji ya bahari hayaingii mzizini kwa hiari. Ili mti uyapate na kuiacha chumvi nje, lazima uyavute kwa nguvu inayozidi ile ya chumvi, ambayo ni kama mara 25 ya kanieneo ya hewa. Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu hiyo katika mimea mbalimbali, na mikoko ilikuwa miongoni mwa mimea inayovuta sana, ikizidi mara 30. Safu ya maji inayovutwa hivyo ndani ya mti iko katika hatari mbili: kukatika kwa kuingiwa na kiputo cha hewa, au kukifanya kifereji chenyewe kibonyee kwa ndani. Vifereji vyembamba na vingi ndiyo kinga ya hatari ya kwanza, maana kimoja kikiziba vingine huendelea na kazi. Kuta nene na nyuzi nzito zinazokizunguka kila kifereji ni kinga ya hatari ya pili. Mti haukujitayarisha kubeba dari la mtu yeyote. Ulijenga mwili wa kunywea maji ya chumvi bila kufa, na fundi wa pwani akakuta kwamba mwili huo unafaa kubeba nusu tani kwa kila mita ya mraba.

Hapa msomaji makini atapinga, na ana haki. Atasema: mpingo ni mzito kuliko mkoko, nao hauoti baharini. Ni kweli, na tena mti wa nchi kavu yenye kiangazi kirefu nao hulazimika kuyavuta maji kwa nguvu, kwa hiyo uzito wa mbao si mali ya chumvi peke yake. Ila boriti haihitaji uzito tu. Inahitaji shina lililonyooka, lenye unene unaokaribiana chini na juu, na liwe karibu na chombo kitakacholisafirisha. Mpingo huota bara, hujipindapinda na kugawanyika matawi mapema. Mkoko ukiota peke yake ukingoni nao hutanuka ovyo. Lakini ndani ya msitu mzito, ambako miche imesongamana na mwanga uko juu tu, kichipukizi cha kileleni huenda moja kwa moja mbinguni na matawi ya chini hunyauka kwa kivuli. Mikoko ya delta ya Rufiji na ya mikondo ya Lamu ilitoa kwa maelfu mashina ambayo hayakuhitaji kuchongwa, yakiwa hatua chache tu kutoka kwenye maji yanayobeba mashua.

Wakataji waliyajua haya kwa undani ambao lugha yao imeuhifadhi. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa: kila jina ni daraja la unene, na boriti yenyewe ilikuwa na kipenyo cha karibu sentimita 8 hadi 13. Ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Waliijua pia miti jirani. Mkandaa ulitoa fito na pau, na gome lake lililojaa tanini likawa la kutengenezea ngozi na rangi. Mlilana ulienda kwenye mataruma ya vyombo. Mchu ulichukuliwa zaidi kuwa kuni, zikiwemo za kuchomea chokaa. Ukikata shina la mchu utaelewa kwa nini halikugombaniwa na wenye kujenga madari. Miti mingi ina tabaka moja la kambiamu, yaani seli zinazogawanyika mfululizo na kuongeza mbao upande wa ndani na gome upande wa nje. Mchu hauridhiki na moja; baada ya muda hujitengenezea tabaka jipya nje ya lile la zamani, kisha jingine, hivyo shina lake ni mbao ngumu zilizopishana na mikanda ya tishu laini. Mpangilio huo huufaa mti katika maji yenye chumvi kali, lakini pamoja na kupindapinda kwa shina hautoi boriti ya kutegemewa. Na isidhaniwe kwamba habari hizi ni za matajiri wa nyumba za mawe peke yao. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika kwamba mji umejengwa kwa miti. Nyumba ya udongo ya mvuvi nayo ilisimama kwa nguzo, ikafungwa kwa fito, ikaezekwa juu ya pau, na sehemu kubwa ya miti hiyo ilitoka kwenye mikoko hiyo hiyo.

Pingamizi zito zaidi linahusu urefu. Mikoko ya Rufiji hufika mita 20 na kupita. Basi kama mti una urefu huo, nani aliyewalazimisha watu kuukata vipande vya mita 3? Jibu ni mzani. Boriti mbichi ya urefu wa mita 3 na kipenyo cha sentimita 12 ina kilo kama 35 hadi 40, na mwanamume mmoja anaibeba begani juu ya matope yanayomeza magoti. Ukitaka chumba cha upana mara 2, boriti nyembamba haitafaa, utahitaji iliyonenepa walau mara 2 pia. Na kitu kilichoongezwa mara 2 kwa urefu na mara 2 kwa kipenyo huwa na uzito mara 8. Hizo ni kilo 300, za kutolewa msituni na watu wanaosubiri bamvua lijaze mkondo ili mashua isogee, kisha kuinuliwa hadi juu ya ukuta wa ghorofa. Na kwa kuwa zege la juu halipungui, unene huo wa mara 2 ungetosha tu kuurudisha mpindo kwenye kiasi chake cha kwanza. Kwa hiyo ule unene wa kuta za seli ulioipa boriti nguvu ndio huo huo ulioiwekea mpaka: mti mwepesi ungebebeka ukiwa mrefu, lakini ungevunjika, huu hauvunjiki, lakini haubebeki ukizidi kimo fulani. Mita 2 na nusu hadi 3 ndipo mambo haya mawili yalipopatana.

Kuna wanaosema kwamba wembamba wa vyumba ulitokana na desturi. Nyumba ya Lamu ilipangwa kutoka daka, yaani baraza ya mlangoni, hadi kiwanda, yaani ua, kisha msana au ukumbi wa kwanza, msana wa pili, hadi chumba cha ndani, kila hatua ikizidisha sitara. Vyumba vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, wanasema, ndivyo vilivyofaa maadili ya watu wenyewe. Siipuuzi hoja hii. Desturi ndiyo iliyoamua mpangilio wa vyumba, nani anaingia wapi, na zidaka zikae ukuta gani. Lakini tuangalie walivyofanya waliopata njia ya kuukwepa mti. Sultani al-Hasan ibn Sulaiman wa Kilwa, mwanzoni mwa karne ya 14, alipoupanua Msikiti Mkuu aliuezeka kwa kuba na matao ya zege la matumbawe, ujenzi ambao hauhitaji boriti kulala kutoka ukuta hadi ukuta. Upanuzi huo ulianguka baadaye ikabidi kujengwa upya, jambo linaloonyesha kwamba walikuwa wanajaribu jambo gumu kwa makusudi. Miaka zaidi ya 500 baadaye Sultani Barghash wa Zanzibar alijenga jumba la Beit al-Ajaib, iliyokamilika 1883, kwa nguzo za chuma zilizoletwa kutoka ng'ambo, na hapo hapo kumbi na baraza zikapanuka. Kama wembamba ungekuwa jambo la maadili tu, ujio wa chuma usingebadilisha kitu. Naamini watu waliupokea upana uliotolewa na mti, wakaujengea adabu na uzuri wake, hata ukaonekana kuwa wamechagua wenyewe.

Wengine watasema kwamba sura ya nyumba yenyewe ililetwa na wageni kutoka Uajemi na Arabuni, na boriti ilitafutwa tu ili kutimiza ramani ya kigeni. Ushahidi wa biashara unaelekea upande mwingine. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Ghuba ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ghuba haikuwa na msitu wa kuikidhi. Mikoko ya aina ya mchu iliyopo huko ni mifupi na iliyopinda, kwa sababu baridi na chumvi iliyozidi huizuia kukua. Kwa hiyo majahazi yalishuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi yakiwa yamesheheni miti, na Waarabu wa Ghuba wakaiita chandal. Desturi hiyo ilidumu hadi karne ya 20: mwaka 1939 baharia na mwandishi Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait lililokwenda Rufiji kupakia miti hiyo, na aliyoyaona aliyachapisha mwaka uliofuata. Na nyumba za kale za Kuwait, Bahrain na Oman zina nini? Zina vyumba vyembamba vya mita kama 3, maana ndio urefu uliofika nao mti. Upana wa chumba ulisafiri kutoka huku kwenda kule ndani ya tumbo la jahazi.

Tishu hizo hizo zinaeleza pia mwisho wa biashara. Miti mingi ikikatwa huchipua kwenye visiki, kwa kuwa chini ya magome yake kuna macho yaliyolala, seli changa zinazosubiri nafasi. Mchu huchipua hivyo. Mkoko hauchipui: macho yake ya akiba hufa shina linapozeeka, na ukiukata chini ya matawi yenye majani umeuua. Umeweka tumaini lake lote kwenye mche, na mche huo ni wa ajabu, kwa kuwa mbegu haingoji kuanguka. Huota ingali juu ya mama yake, ikarefuka kijani kama mkuki, hadi idondoke na kujikita kwenye matope au kuchukuliwa na maji. Ukate boriti chache hapa na pale, na miche itaziba mapengo. Ukate zote, na hakuna wa kuangusha mche. Karne nyingi za majahazi zilistahimiliwa kwa kuwa mahitaji yalikuwa na kiasi na wakataji waliteua daraja walilotaka. Utawala wa Kijerumani uliweka masharti juu ya mikoko ya Rufiji mwaka 1898, huku wenyewe ukiyataka magome yake kwa viwanda vya ngozi. Saruji na nondo ziliipunguza haja ya Ghuba baada ya fedha za mafuta, lakini miji ya pwani yenyewe ilikuwa imekua, na Kenya ilipiga marufuku kusafirisha mikoko nje mwaka 1982. Wako wanaozilaumu amri kama hizo kwa kuwanyima wakataji riziki, na wana sababu, maana wakataji ndio waliojua kuteua. Ila mti usiochipua hauwezi kuendeshwa kwa kanuni za mti unaochipua.

Jambo moja liligunduliwa mwanzoni mwa karne hii, nalo ndilo linalonifanya niliandike hili sasa. Zamani ilidhaniwa kwamba mkoko hauweki duara za umri. Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Anouk Verheyden, kwa mikoko ya Kenya, walionyesha kwamba huziweka: msimu wa mvua vifereji huwa vichache katika eneo lile lile la mbao, na kiangazi huwa vingi, kwa kuwa chumvi ya mkondo imezidi. Duara moja ni mwaka mmoja. Kwa mchu, uchunguzi uliofanywa Gazi, kwenye pwani hiyo hiyo ya Kenya, ulionyesha kinyume. Matabaka yake hayafuati miaka. Hii ina maana kwamba kila boriti ya mkoko iliyo katika dari la zamani imehifadhi ndani yake hesabu ya masika na viangazi vya ufukwe wetu, kumbukumbu ambayo haikuandikwa popote pengine. Na boriti hizo zinatupwa. Lamu na Mji Mkongwe, nyumba inapofanyiwa ukarabati, boriti iliyooza ncha zake ukutani hukatwakatwa kuwa kuni na nafasi yake huchukuliwa na chuma, ambacho hewa ya bahari hukitia kutu upesi. Ombi langu kwa wenye nyumba, kwa mafundi na kwa wasimamizi wa miji hii ni dogo: kabla boriti kuukuu haijaenda jikoni, ikatwe kipande kimoja cha unene wa kiganja kutoka sehemu iliyo nzima, kiandikwe nyumba, chumba na tarehe ya kutolewa, kikaushwe kivulini na kukabidhiwa makumbusho iliyo karibu.